Nilimchunguza mwalimu kwanza, ndipo nikaanza CS50

Kozi ya kwanza ya programu niliyosoma mtandaoni ilikuwa na mwalimu ambaye sitamtaja jina. Alikuwa na vyeti lukuki. Wiki ya tatu nilikuwa bado nanakili alichoandika kwenye skrini bila kujua kwa nini, na nikiuliza naambiwa nitazoea. Sikuzoea, nikaacha.

Safari hii nilianza na mwalimu. Kabla ya kujiandikisha CS50, kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard (iko edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, tangu 2012, na kuisoma ni bure), nilitumia jioni nzima kusoma habari za David Malan, anayeifundisha tangu 2007. Mwaka huohuo ndio aliopata uzamivu, hapohapo Harvard, baada ya shahada ya kwanza 1999 na uzamili 2004. Sawa, amesoma. Lakini kilichonivuta ni kwamba alipoingia chuo hakwenda kusomea kompyuta. Alikuwa kwenye masomo ya serikali na siasa. CS50 aliichukua mwaka wa pili, 1996, tena kwa woga, akachagua mfumo wa kufaulu au kufeli tu ili alama zisimharibie. Aliyefundisha mwaka huo alikuwa Brian Kernighan wa maabara ya utafiti ya Bell Labs, yule aliyeandika na Dennis Ritchie kitabu cha lugha ya programu ya C mwaka 1978. Kijana akaingia darasani na hofu yake, akatoka amebadili fani.

Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa niliyokuwa naitafuta. Aliyewahi kuwa mgeni anajua wageni hujikwaa wapi, na kwenye ufundishaji wake unaliona hilo. Anashika kitabu cha simu, anakipasua katikati, nusu isiyo na jina analolitafuta anaitupa, anapasua tena iliyobaki. Kurasa 1,000 zinaisha kwa kupasua mara kumi hivi. Nilielewa utafutaji wa kugawa nusu kwa nusu kabla sijaandika hata mstari mmoja.

Ila kilichonimaliza kabisa ni wiki ya kumbukumbu ya kompyuta. Malan aliwahi kuanzisha kampuni ya kurejesha data zilizopotea, na zoezi la Recover ni kazi hiyohiyo. Unapewa nakala ya kadi ya kamera ambayo picha zake zimefutwa, uzirudishe kwa programu ya C. Hapo nilijifunza kwamba ukifuta picha, kinachoondoka ni taarifa ya mahali ilipo. Baiti zenyewe, yaani vipande vidogo vya data vinavyounda picha, zinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo unasoma baiti 512 kwa mkupuo, unatazama tatu za mwanzo. Zikiwa 0xff, 0xd8, 0xff (ndivyo namba za baiti zinavyoandikwa kwenye programu), na ya nne ikianza na 0xe, basi hapo picha mpya ya JPEG, aina ya faili ya picha, imeanza.

Programu yangu ilitoa faili 50, idadi kamili, na hakuna hata moja iliyofunguka. Nilihangaika siku mbili. Nilikagua pointa zote (anwani za mahali data ilipo kwenye kumbukumbu), nikabadilisha masharti, nikaandika upya nusu ya kazi. Halafu, katika kuangalia tu, nikaona ukubwa wa faili: zote baiti 512 sawasawa. Kumbe nilikuwa nahifadhi kipande cha kwanza cha kila picha, na vipande vinavyofuata navitupa kwa sababu havina zile alama. Nikarekebisha mistari miwili. Picha ya kwanza ilipofunguka, mtu akiwa ameketi ananitazama kutoka kwenye kadi iliyofutwa, nilisimama kitini.

Zoezi la namna hiyo hulitungi kwa kusoma vitabu peke yake, lazima uwe umewahi kukaa na diski iliyoharibika ya mtu anayesubiri data zake.

Sasa niko wiki ya SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata. Mazoezi yanakula muda, mengine wikendi nzima, kwa hiyo usijiandikishe ukidhani utayafanya kwenye nusu saa ya mapumziko ya kazini. Na ukifika Recover, angalia ukubwa wa faili mapema.