Chaja ya elfu kumi: betri inajaa, skrini inaruka

Niko Arua Park, Kampala, natuma na kutoa pesa kwa simu, kwa hiyo simu yangu hushinda kwenye umeme. Chaja hii isiyo na jina, niliyouziwa shilingi 10,000, inajaza betri haraka, hilo nalikubali. Shida ni skrini. Nabonyeza 5, inaandika 8. Mteja anayetuma Koboko amesimama, tarakimu zinajifuta zenyewe. Chomoa waya, inatulia papo hapo.

Fundi jirani aliifungua chaja. Kichujio cha kelele za umeme (si sauti, ni umeme unaoyumbayumba) hakuna, nafasi yake kwenye bodi iko tupu kabisa! Skrini hizi hupima badiliko dogo mno la chaji kidole kinapogusa. Chaja ikipitisha kelele, simu nzima inayumba kiumeme, na kelele hiyo huingia pale pale kidole kilipo. Ndiyo maana kufuta kioo hakusaidii.

Nimerudia ile iliyokuja na simu. Polepole, waya mfupi kama mkia wa mbuzi, ila namba inakaa. Ya elfu kumi naichajia tochi. Nyota mbili, na ya pili ni ya kasi tu.