Paa la nyuzi za kaboni: ubandike filamu au upige rangi?

Paa la nyuzi za kaboni huwekwa ili gari liwe jepesi sehemu ya juu, na ili lionekane. Ule msuko wa nyuzi, unaobadilika kila unapolizunguka gari juani, ndio wenye paa hilo waliolipia. Ndiyo maana kwenye orodha hii ya njia za kulilinda paa hilo au kulirekebisha likififia, zinazouacha msuko uonekane ziko juu, na zinazouficha ziko chini.

Kabla ya kuchagua, lichunguze paa lenyewe. Jua halizidhuru sana nyuzi. Linaloumia ni gundi ya epoksi inayozishika, kwa sababu miale ya urujuanimno huigeuza ya manjano na hatimaye kuifanya iwe kama chaki. Kinga yake ni lile tabaka angavu la juu ambalo mafundi huliita klia, na klia nayo huchoka. Mwagia maji sehemu iliyofifia, uitazame. Ukungu ukipotea ikiwa imelowa na kurudi inapokauka, ubovu uko usoni tu, na mara nyingi polishi inatosha. Doa likibaki jeupe hata chini ya maji, huenda klia imeshaachana na kilicho chini yake. Pitisha ukucha taratibu kwenye ukingo wa doa. Ukinasa, pameanza kubanduka.

Jambo hili nalisisitiza kwa sababu filamu, yaani utando wa plastiki unaobandikwa juu ya paa, hulinda, haitibu. Ukiibandika juu ya klia inayobanduka, itashika vizuri siku chache, kisha itainuka pamoja nayo. Na siku ya kuitoa, itang'oka na vipande vya klia.

Ya kwanza: filamu angavu ya kinga

Kwa paa lenye klia nzima, hii ndiyo chaguo langu bila kusita. Hutengenezwa kwa poliurethani, unene wake ni kama mikroni 150 hadi 200 (mikroni elfu moja ni milimita moja), na nyingi zina uso unaojifuta mikwaruzo midogo ukipata joto la jua. Msuko unabaki kuonekana, kinyesi cha ndege na utomvu wa miti vinaishia kwenye filamu, na ukiichoka inatolewa. Uzito usikusumbue: kwa paa la mita mbili za mraba ni kama nusu kilo.

Filamu hizi huja kwenye roli za upana wa mita 1.52, kwa hiyo paa la gari dogo linafunikwa kwa kipande kimoja. Fundi akikuambia ataunga katikati, muulize kwa nini. Muulize pia atakatia wapi. Wembe ukipita juu ya paa huacha mstari kwenye klia, na mstari huo ndio maji yatakapoanzia. Fundi mzuri hufungua mipira ya pembeni na kuzificha kingo za filamu chini yake, au hulaza uzi maalumu wa kukatia chini ya filamu kisha akauvuta, bila wembe kugusa gari. Njia hii kwa kawaida ni ghali kuliko stika ya rangi, na kwa paa zima tofauti hiyo ina thamani yake.

Ya pili: kupiga klia upya

Klia ikiwa imekufa, hii inapanda kuwa ya kwanza, maana hakuna filamu itakayokuokoa. Kazi ni kuiondoa klia mbovu kwa msasa, kisha kupuliza klia mpya ya kuchanganywa na kikaushio, yenye kinga ya miale ya jua. Inasikika rahisi. Hatari iko kwenye msasa.

Simama karibu na fundi anapopiga msasa wa maji. Tope linalotoka linapaswa kuwa jeupe. Likianza kugeuka jeusi, msasa umeshapita gundi na unazila nyuzi. Msuko uliokatwa haurudi; utaonekana kama kovu chini ya klia mpya, hata ing'ae vipi. Mashine ya kawaida ya kupimia unene wa rangi, iliyotengenezwa kwa ajili ya bati, haimsaidii hapa. Inahitajika ile ya mawimbi ya sauti. Kwa hiyo mtafute aliyewahi kushika kaboni, na uombe kuona kazi yake ya zamani ikiwa juani, siyo kwenye picha.

Ukitaka filamu angavu juu ya klia mpya, subiri muda aliopendekeza mtengenezaji wa klia, mara nyingi wiki kadhaa. Klia ambayo bado inatoa hewa ya viyeyusho itaijaza filamu malengelenge.

Ya tatu: stika ya vinaili yenye rangi

Hii inafaa katika hali moja hasa: gundi imegeuka njano kwa ndani, mahali ambapo msasa wala klia havifiki, lakini uso bado ni mgumu na laini. Vinaili, ambayo ni plastiki isiyopitisha mwanga, itaificha njano hiyo bila kuharibu kitu. Dai ile laini ya kumiminwa, kama 3M 2080, na uachane na ile ya bei ya chini iliyokandamizwa kwa roli, ambayo hunywea na kuacha kingo wazi. Kumbuka kwamba paa hulala likitazama jua mchana kutwa, kwa hiyo stika yake itachoka mapema kuliko ya milangoni. Itoe kabla haijaanza kupasuka, kwani ikikauka hutoka vipande vidogo vidogo na kuacha gundi yake juu ya paa.

Ya mwisho: rangi kamili

Naiweka chini kabisa kwa sababu kurudi nyuma ni vigumu mno. Dawa za kuyeyusha rangi zinazotumika kwenye bati hushambulia epoksi pia, kwa hiyo siku mwenye gari atakapoutaka msuko wake, rangi yote itabidi itoke kwa msasa, huku tope jeusi likimsubiri chini yake. Ningeikubali tu kwa paa lililopasuka na kuzibwa, ambalo msuko wake umeshaharibika na kiraka kitaonekana hata ufanyeje. Hapo pulizia rangi kwa moyo mweupe, baada ya fundi wa kaboni kuthibitisha kwamba paa bado ni imara.