TAHADHARI: Sabufa "mpya ya boksi" zinazouzwa Mbeya. Ikiunguruma unaambiwa umeme wa kwenu mbovu

Wana Mbeya, na nyie mnaotumiwa mizigo kwa basi Tunduma, Makambako na Njombe. Kuna jamaa anazungusha matangazo ya sabufa kwenye magrupu ya WhatsApp. Anajiita wakala, leo yuko Kabwe, kesho Mwanjelwa, duka halina hata kibao. Boksi limefungwa nailoni safi na bei ni tamu kuliko duka lolote linalotoa risiti.

Nimeifungua ya shemeji yangu wa Uyole, kisha nikaangalia ya jirani yake. Zote ni mtumba uliopakwa rangi.

Mchezo wake uko hivi. Akikuonyesha, anaunganisha simu kwa Bluetooth, anaweka wimbo wenye besi nzito, sauti juu, na wewe umesimama katikati ya kelele za soko. Hapo hata ikiunguruma utaisikia wapi? Ukifika nyumbani, usiku kumetulia, sauti umeweka sifuri, inaanza mmmmmm isiyoisha. Ukimpigia, jibu ni lile lile kwa kila mtu: "Kaka, umeme wa kwenu mchafu huo, chukua stebilaiza." Stebilaiza anauza yeye. Ukikataa, anakuelekeza kwa "fundi wetu", na huko unalipia IC (chipu ya kukuza sauti) ambayo haikuwa na tatizo.

Sikatai, umeme mdogo upo. Jioni watu wakiwasha pasi na majiko, sabufa inaweza kukata besi au kuzima na kuwaka yenyewe. Lakini stebilaiza haifufui kapasita iliyokufa (kile kifaa cha ndani kinacholainisha umeme), na kupima ni bure. Chomoa nyaya zote za nyuma, wa TV, wa aux, toa flashi, zima Bluetooth, ubaki waya wa umeme peke yake. Shusha sauti mpaka mwisho. Ikiendelea kuunguruma vile vile, ugonjwa uko ndani ya sabufa. Umeme wetu ni hezi 50, ukipita kwenye daiodi (zinazoufanya uende upande mmoja) unatoka na mawimbi 100 kwa sekunde, na zile kapasita kubwa ndizo zinazoyalainisha. Zikikauka, mawimbi yanaenda moja kwa moja kwenye spika.

Ya shemeji ilikuwa hivyo. Kapasita mbili za mikrofaradi 4700 zimevimba vichwa, moja imevuja uchafu wa kahawia hadi kwenye bodi. Kilichonitisha zaidi ni fyuzi. Chini ya pale unapochomeka waya wa umeme kuna kifuniko kidogo kimeandikwa T2A 250V. Kukifungua, fyuzi ya kioo imeungua nyeusi, na imezungushiwa uzi wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa ekstensheni! Pembeni kuna swichi ya 115/230 imemwagiwa gundi isisogee. Kwa akili yangu, iliwahi kuchomekwa kwenye 230 ikiwa imewekwa 115, fyuzi ikakata, mtu akaipita kwa waya. Sabufa ya namna hiyo transfoma ikileta shoti hakuna cha kukata umeme humo ndani, na watoto wamelala chumba cha pili.

Ya jirani ni habari nyingine. Yake ilikuwa kimya kabisa ikiwa peke yake, inaunguruma ikiunganishwa na TV yenye king'amuzi. Ukichomoa waya wa dishi, kimya. Hiyo ni ethi (nyaya za kwenda ardhini) zinazogongana, na mara nyingi inaisha ukichomeka TV, king'amuzi na sabufa kwenye ekstensheni moja, au ukiweka kile kifaa kidogo cha kuzuia muungurumo katikati ya waya wa sauti. "Fundi wetu" alifanya nini? Alikata waya wa ethi ndani ya plagi, akachukua elfu arobaini. Muungurumo uliisha, ndiyo. Sasa akigusa bati la nyuma anahisi umeme unamtekenya.

Halafu boksi limeandikwa wati 15,000 PMPO, yaani namba ya matangazo tu, siyo nguvu halisi. Bati la nyuma linasema inakula wati 60. Inayokula 60 itatoa 15,000 kutoka wapi? Soma bati, boksi liache.

Ukikutana naye, mulika tochi kwenye tundu la besi. Sisi tulikuta vumbi na mavi ya mende kwenye kitu "kipya". Angalia vichwa vya skrubu kama vimekwanguliwa. Mwambie apime bila nyimbo, sauti sifuri, na uweke sikio kwenye spika. Dai risiti ya EFD. Akianza hadithi za "mashine imeharibika", ondoka. Pesa ya mzigo wa basi usitume kabla.

Mliokwisha kununua: msichomeke tena kabla hamjafungua kifuniko cha fyuzi, waya wa umeme ukiwa umechomolewa ukutani. Mkikuta waya badala ya fyuzi, pigeni picha kwanza, tunzeni na meseji zake na muamala wa simu. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu bidhaa, na malalamiko hayo yanapokelewa FCC, Tume ya Ushindani. Shemeji anaandaa yake wiki hii, mwenye ushahidi anitafute inbox tuyapeleke pamoja.