Hipnotherapia kwa kiwewe: uzoefu wangu

Naandika kwa ajili ya yeyote anayebeba kiwewe na anajiuliza kama hipnotherapia, yaani tiba inayotumia hipnosisi (hali ya utulivu mkubwa ambapo akili inatulia sehemu moja kwa kuongozwa na mtaalamu), inasaidia kweli. Mi imenisaidia sana, ila si vile watu wanavyodhani.

Nilipata ajali ya gari, mwili ukapona lakini nikisikia breki zinapiga kelele moyo unaenda mbio na mikono inalowa jasho, usiku ndo usiseme, nashtuka kama vile ajali inatokea upya.

Kwanza kabisa, hupotezi fahamu. Unasikia kila kitu, na ukitaka kufumbua macho unafumbua. Niliyemwona ni mwanasaikolojia mwenye leseni, alianza na tiba ya mazungumzo ndo akaongeza hipnosisi juu yake, na hilo kwangu ndo la maana kuliko yote, maana hata Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2013 lilipendekeza CBT inayolenga kiwewe (tiba ya mazungumzo ya kubadili mawazo na tabia) na EMDR (unakumbuka tukio huku ukisogeza macho kwa kuongozwa na mtaalamu), kwa hiyo hipnosisi peke yake usiitegemee.

Anaongea taratibu, mabega yanalegea, akili inatulia sehemu moja. Hapo naenda kwa mawazo mahali salama nilipopachagua mwenyewe huku nimebana kidole gumba na cha shahada, tumerudia rudia mpaka sasa nikivibana popote pale pumzi inashuka. Ajali yenyewe tuliigusa baadaye sana, kidogo kidogo, naiangalia kama iko kwenye skrini ya mbali na mi ndo nashika rimoti, nikizidiwa nasimamisha. Breki bado zinanishtua ila natulia haraka, na usingizi jamani umerudi!

Si wote wanaingia kwenye hipnosisi kwa urahisi, wengine hawaingii kabisa, na kama una ugonjwa wa kusikia sauti au kuona visivyokuwepo ongea na daktari wako kwanza.

Halafu mtu akikuahidi kukuchimbulia kumbukumbu zilizojificha, kimbia. Tafiti za Elizabeth Loftus, mwanasaikolojia anayechunguza kumbukumbu, na wenzake zimeonyesha mtu anaweza kupandikizwa kumbukumbu ya jambo ambalo halijawahi kutokea, na hipnosisi inakufanya uwe na uhakika zaidi hata na yale ya uongo. Mtu ameshaumia, unamwongezea jeraha lingine la nini?

Kabla hujalipa uliza leseni, kisha muulize, nikianza kulia katikati utafanya nini? Wangu alijibu hapo hapo: tunasimama, unafumbua macho, unaniambia uko wapi, na hatuendelei mpaka wewe useme.