Waliniambia siijui fani yangu: uzoefu wangu na huduma ya kuchora ramani za utafiti

Nilisema nisubiri hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka, basi naandika nayo.

Miezi kadhaa iliyopita nilijisajili kwenye huduma moja ya mtandaoni inayochora ramani za fani za utafiti. Jina lake silitaji. Unaipa mada, yenyewe inavuta makala kwa maelfu kutoka kwenye hifadhidata, kisha inakurudishia picha: vitone vya rangi, kila kimoja neno linalojitokeza kwenye makala, nyuzi kati ya vitone, na pembeni orodha ya "mielekeo inayochipuka". Mimi nashughulika na usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Nilikuwa naandika sura ya mapitio ya tasnifu, na makala za fani hii zilivyo nyingi, hakuna binadamu atakayezimaliza kwa kusoma moja baada ya nyingine.

Siku ya kwanza nilifurahi kupita kiasi, na furaha ile siikani hata leo. Upande mmoja wa ramani walikaa watu wa hospitali, upande mwingine watu wa mifugo, na kwa miaka mingi nyuzi kati yao zilikuwa chache mno. Nikakivuta kitufe cha miaka taratibu. Mwishoni mwa 2015 watafiti nchini China walitangaza kwamba wameikuta jeni iitwayo mcr-1 kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Jeni hiyo inawapa bakteria usugu dhidi ya kolistini, dawa ambayo madaktari huikimbilia nyingine zote zinaposhindwa, na inabebwa na plasmidi, kipande kidogo cha DNA kinachojitegemea, yaani inahama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. Kitufe kilipopita hapo, nyuzi zikamwagika. Makundi mawili yaliyokuwa yakiandika kila moja kivyake yakashonwa pamoja mbele ya macho yangu. Nilikuwa najua kisa hicho, nilikisoma, lakini kukiona namna ile nilikuwa sijawahi. Usiku ule ule nilimwandikia rafiki yangu: jisajili, usingoje kesho.

Rafiki yangu, nisamehe.

Kwenye ile orodha ya mielekeo, nafasi ya kwanza ilishikwa na kundi la rangi ya machungwa. Huduma ilisema ndilo linalokua kwa kasi kuliko yote, na kwamba kitone kilicholiunganisha na mengine ni "daraja kuu la fani nzima". Maneno yaliyojitokeza ndani yake yalikuwa ya vihisio, usomaji wa mbali na mitandao mahiri. Nikawaza, kumbe watu sasa wanafuatilia usugu kwa vihisio, labda kwenye maji machafu, labda wodini. Inaingia akilini, maana maji machafu yanafuatiliwa kweli. Nikaandika kurasa mbili nzima na kumpelekea msimamizi wangu.

Profesa alizisoma, akanyamaza, kisha akaniambia, "Nionyeshe makala moja tu ya kundi hili."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba huduma ile haikuruhusu kubonyeza kundi ukaona makala zilizomo. Unaona rangi na unaona jina, basi. Ukitaka orodha unatuma ombi la faili, na faili lenyewe linakuja na namba za utambulisho bila vichwa vya makala, unaanza kuzitafuta moja moja. Nilikesha. Makala ya kwanza niliyoifungua ilihusu mita za maji zinazosomwa kwa mbali. Ya pili, mita za umeme. Ya tatu ilikuwa ya wanafizikia, namna ya kugawa eneo la hesabu katika vijisanduku vidogo zaidi pale penye mambo mengi, ili kompyuta ikokotoe mwendo wa gesi. Bakteria hata mmoja hamkuwamo.

Chanzo ni herufi tatu za kifupisho cha Kiingereza, AMR. Kwetu sisi ni kifupisho cha usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Kwa watu wa mita ni usomaji wa mita unaojiendesha wenyewe. Kwa wanafizikia ni ile mbinu ya vijisanduku. Fani tatu zisizojuana zilikutana kwenye kitone kimoja, na kwa kuwa kila njia kutoka fani moja kwenda nyingine ilikuwa lazima ipite hapo, kipimo cha udaraja kikapanda hadi juu kabisa. Na kasi ya ukuaji je? Ni mita mahiri zilizoenea, na makala zake zikaongezeka.

Naomba mwelewe kitu kimoja: herufi hizo sikuziandika mimi. Mimi niliandika jina refu, kwa ukamilifu wake. Huduma ndiyo iliyojiongezea kifupisho kimyakimya "kupanua utafutaji", na hakuna mahali popote kwenye skrini palipoonyesha hivyo. Nililijua hilo nilipolisoma faili mstari kwa mstari.

Hata hapo sikuwa na hasira. Kosa ni kosa. Nikawaandikia kwa adabu kabisa, nikawaelezea, nikaambatanisha vichwa vya makala kumi na mbili. Jibu likaja baada ya siku nyingi, na nalinukuu kama lilivyo: "Mteja mpendwa, ramani huonyesha data ilivyo. Watumiaji wapya mara nyingi hushangazwa na maeneo ya fani ambayo hawajayafahamu bado."

Hawajayafahamu bado!

Nimekaa na bakteria hawa miaka. Nimehesabu makoloni kwenye sahani hadi macho yakaniuma. Utafiti uliochapishwa mwanzoni mwa 2022 ulikadiria kuwa mwaka 2019 peke yake usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Mtu aliyeketi mahali anajibu barua ananiambia mita za maji ni eneo la fani yangu ambalo sijalifahamu. Nilifunga kompyuta nikatoka nje, kwa sababu ningejibu pale pale ningeandika maneno ya kunifungisha.

Kesho yake nikawatengenezea ushahidi. Ramani yao ilikuwa ya maneno: maneno mawili yakitokea kwenye makala moja, yanafungwa uzi. Ipo njia nyingine ya tangu 1973, ambayo Henry Small nchini Marekani na Irina Marshakova katika Umoja wa Kisovieti waliibuni mwaka mmoja bila kuambizana. Makala ya tatu ikizinukuu makala mbili kwa pamoja, hizo mbili zina undugu. Kadiri wanaozinukuu pamoja wanavyokuwa wengi, ndivyo undugu unavyokaza. Nikachukua makala zile zile za kwao nikazipitisha kwa njia hii. Kundi la machungwa likang'oka likaelea peke yake, kisiwa kisicho na uzi hata mmoja. Mtu wa mita hamnukuu mtu wa bakteria, na wa bakteria hana habari naye. Nikawatumia picha. Jibu likawa lile lile, neno kwa neno, salamu tu ndiyo ilibadilika.

Siku ile niliwapa nyota moja na kuapa kwamba sitarudi.

Haki ni haki, hata hivyo: kosa si la mbinu yenyewe. Derek de Solla Price, mwanahistoria wa sayansi, alipoandika mwaka 1965 juu ya mitandao ya makala za kisayansi, mojawapo ya mifano yake ilikuwa fani ndogo ya makala kama 200, akaionyesha yote, nani kamnukuu nani, tangu mwanzo hadi mwisho. Fani hiyo ilikuwa ya miale ya N, iliyodaiwa kuwa mionzi ya aina mpya, ambayo Mfaransa René Blondlot aliitangaza mwaka 1903, na baadaye ikathibitika kwamba miale hiyo haipo. Haipo kabisa! Makala zipo, nukuu zipo, mtandao umekamilika, kitu chenyewe hakuna. Mtandao hujua nani kamshika nani mkono, wala haujui wanazungumza nini. Lazima mtu azifungue makala azisome, na wale waanzilishi walijua walichokuwa wanakichora. Hawa wangu wameufunga mlango wa kuzisomea.

Nikiwa kwenye hali hiyo nikaanza kutilia shaka hata vile nilivyovipenda. Kwenye ramani ya nukuu, ambako kitone ni makala, kile kikubwa kuliko vyote katika miaka ya karibuni, kwa mfano, ni ule ule utafiti wa vifo nilioutaja, na mimi mwenyewe nimeunukuu hapa juu. Karibu kila mtu siku hizi anautaja katika sentensi yake ya kwanza, kama hodi mlangoni, kisha anaendelea na mambo yake. Ukiangalia ramani utadhani fani nzima inalizunguka swali lake. Halafu nikaiendesha ramani yao mara ya pili bila kubadilisha chochote, na vitone kadhaa vikahama kundi. Hilo ni la kawaida, njia za kugawa makundi huanza kwa kubahatisha. Lakini si ungemwambia mteja? Wenye njia ya Leiden, mojawapo ya hizo za kugawa makundi, walieleza wazi mwaka 2019 kwamba ile ya Louvain iliyotumika kwa miaka zaidi ya kumi inaweza kuunda makundi ambayo ndani yake yamekatika vipande. Walisema hadharani, wakaleta dawa. Huduma yangu haisemi hata inatumia ipi.

Mwishowe nikaifanya kazi upya kwa mikono. Nilichukua data kutoka OpenAlex, hifadhidata ya makala iliyo wazi kwa kila mtu, nikaichora kwa VOSviewer, programu ya bure ya Nees Jan van Eck na Ludo Waltman wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi. Unaitengenezea faili dogo la kuambia neno hili na lile ni kitu kimoja, na hili lisihesabiwe. Jioni tatu, labda nne. Mita zikatoweka. Kurasa zangu mbili nikazifuta.

Daraja la mcr-1 halikutoweka. Lilikuwa pale pale, kati ya mifugo na hospitali, na sura yangu ya mapitio sasa imejengwa juu yake. Profesa ameipenda. Na lazima niseme ukweli unaonikera: bila ile siku ya kwanza kwenye ile huduma nisingefikiria kutafuta hapo. Kile kitufe cha miaka ni kizuri, sijaona kingine kama hicho. Kwa hiyo nilirudi nikaongeza nyota, zikawa tatu. Kama fani yako haina vifupisho vya kugombaniwa, na kama una uvumilivu wa kuzifukua zile namba, huenda ukaridhika.

Tatu nyingi. Nimeifungua tena ile barua sasa hivi ili ninukuu sawasawa, na damu imenichemka upya. Mbili. Wakiweka orodha ya makala chini ya kila kundi, na kuonyesha maneno waliyojiongezea kwenye utafutaji, nitarudisha ya tatu siku hiyo hiyo, naahidi.

Ila yule aliyeniandikia, vichwa kumi na viwili nilivyomtumia bado anavyo. Achague mojawapo ya zile za mita za maji, aifungue, asome ukurasa wa kwanza tu, halafu aniandikie tena.