Mashine ya kusaga visiki, Tororo: mashine safi, fundi hafai

Nimekaa na hasira hii tangu mvua zianze, leo naitoa. Kama uko Tororo, Malaba au popote huku mashariki mwa Uganda, na una kisiki kikubwa kilichokwisha kung'olewa, soma kabla hujamwita mtu wa mashine.

Changu kilikuwa cha mvule. Eskaveta ilikitoa tulipokuwa tunasawazisha kiwanja, ikakilaza nyuma ya jiko, mizizi juu, udongo na mawe yamekwama katikati. Watu wakasema nikichome. Sikutaka, maranda yake nilikuwa nayahitaji kwenye migomba. Nikaita kampuni moja yenye mashine ya kusagia visiki, wakaja wawili: fundi na kijana msaidizi.

Kabla hajawasha nilimwambia fundi, kwa heshima kabisa, kwamba kisiki hicho hakijashikwa na kitu. Lile gurudumu lenye meno limetengenezewa kisiki kilichobaki ardhini, ambacho mizizi yenyewe inakizuia. Kikiwa kimelala juu ya ardhi, meno yakikamata upande mmoja kinabiringika au kinaruka. Shimo lake lilikuwa palepale. Nikaomba wakirudishe humo, wakifukie hadi shingoni na kushindilia udongo, na kwanza wagonge mawe yote yatoke kwenye mizizi. Mimi nimekulia kwenye karakana ya mbao, baba alikuwa mpasuaji. Mvule hata ndani yake huficha mawe, chokaa iliyogandamana humo humo mtini, huioni hadi msumeno ulie. Sembuse mawe ya nje!

Alinitazama toka kichwani hadi miguuni. "Mama, wewe andaa pesa na chai. Mambo ya mashine tuachie wanaume."

Akawasha. Miwani hakuvaa, kijana hakupewa hata kofia. Pazia la mpira linalozuia vipande visiruke alikuwa amelifunga juu kwa waya, eti aone vizuri. Kisiki kikatikisika, kikageuka, jiwe likachomoka. Sikuliona likipita, nilisikia tu bati la jikoni likipasuka. Mjukuu wangu alikuwa ameondoka mlangoni pale punde hiyo hiyo. Nikapiga kelele, akazima injini, na papo hapo akainama kukagua meno huku gurudumu bado linazunguka! Kuzima injini si kusimamisha gurudumu. Mtu anayelipwa kwa kazi hii hajui hilo?

"Bahati mbaya tu, mama." Basi. Hata pole hakuna. Akapanda bodaboda kwenda mjini kutafuta jino lingine, maana moja lilikuwa limevunjika.

Nikiacha hapa nitamdhulumu yule kijana. Bosi wake alipoondoka, alichukua mtaimbo akaanza kuchokoa mawe, moja moja, akamwaga maji kwenye udongo ulionata. Mizizi mirefu akaitenga kwa kabari na nyundo, akifuata nyuzi za mti. Kisha akaita vijana wa jirani, wakakisukuma kisiki hadi shimoni, wakakibana kwa magogo, wakafukia na kushindilia. Akatufukuza sote mbali, akajifunga kitambaa puani kwa sababu vumbi la mvule linawasha. Fundi aliporudi na kufunga jino, kijana ndiye aliyeshusha pazia. Mashine ikasaga kama inatafuna muhogo wa kuchemsha. Kisiki hakikutikisika tena. Maranda ni mazuri mno, nimeyatandaza shamba zima la migomba.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kuandika kwamba muwaite, ila mumwombe kijana. Mashine siwezi kuisingizia, inafanya kazi yake.

Lakini hapana. Kila nikipita jikoni naona lile tundu, na liko kimo cha kichwa cha mtoto. Nilimpigia mwenye kampuni. Akanijibu kwamba bati si jukumu lake, kisiki changu kilikuwa kibovu. Mvule kibovu! Kampuni inayomwachia mtu wa namna ile mashine ya namna ile, kisha inamtetea, siwezi kuipeleka kwa jirani yangu, hata kama kijana wao ni dhahabu. Msiwaite. Nusu ya malipo bado ninayo mimi. Wakiitaka, waje na bati jipya, geji ileile, na yule fundi abaki nje ya geti.