Earth Nullschool: saiti ya bure ya kuangalia mikondo ya bahari, naipa nyota 4

Kama una mtoto sekondari anakariri mikondo ya bahari bila kuelewa chochote mfungulie earth.nullschool.net kabla hujatoa hela ya tuisheni. Ni bure, hudaunlodi kitu, hujisajili. Aliyeitengeneza anaitwa Cameron Beccario, aliitoa 2013, na watu wengi wanaijua kwa upepo na vimbunga tu manake ndivyo vinavyokuja ukifungua. Bahari lazima uitafute: gusa neno earth pale chini kushoto, kwenye Mode weka Ocean, kwenye Animate weka Currents. Hapo sasa mistari myembamba inaanza kutambaa juu ya maji kama nywele zinachanwa, penye kasi panang'aa.

Mimi nilikimbilia kwetu kwanza. Unaona kabisa upepo wa kusini mashariki unavyosukuma maji kutoka upande wa Australia huko, yanakata bahari nzima kuja magharibi, yanapita ncha ya kaskazini ya Madagaska halafu yanagonga Afrika karibu na mpaka wa Msumbiji na Mtwara, hapo yanagawanyika, mengine yanashuka kusini na mengine yanapanda Mafia, Unguja, Pemba mpaka Mombasa. Huo wa kupanda ndio mkondo wetu na haugeuki mwaka mzima.

Utamu uko kaskazini ya hapo. Weka tarehe ya Agosti, kusi imechachamaa, mkondo unapita Lamu bila kusimama, unavuka ikweta, unaingia Somalia kwa kasi na kule mbele unajikunja duara moja kubwa la mamia ya kilomita. Halafu rudisha kwa mishale mpaka Januari, wakati wa kaskazi. Aisee. Ule wa Somalia umegeuka, unashuka kusini, unakuja kukutana na wetu maeneo ya kaskazini mwa Kenya na yote miwili inakata kona kuelekea mashariki baharini. Mkondo mkubwa namna ile kugeuza njia kwa sababu ya upepo wa msimu sio kitu cha kukuta kila bahari, na wazee wa majahazi waliupangia safari zao karne na karne bila setilaiti yoyote.

Kingine, shuleni tuliambiwa upepo unasukuma maji, basi. Hapa ukikaa kuangalia unaona maji hayafuati upepo moja kwa moja, mzunguko wa dunia unayapinda, kulia huko kaskazini ya ikweta na kushoto huku kusini, ndio maana Atlantiki ya kaskazini inazunguka kama mshale wa saa na Bahari ya Hindi ya kusini inazunguka kinyume. Izungushe dunia uitazame kwa chini, kuna mkondo unaizunguka Antaktika wote bila kugonga nchi kavu, ni huo peke yake duniani.

Ukigusa sehemu yoyote inakupa uelekeo na kasi, na ukigusa ile m/s inabadilika kuwa km/h. Ila kumbuka upepo unatajwa unakotoka na mkondo unatajwa unakokwenda, hapo wengi wanachanganya.

Sasa nyota moja nimeikata kwa nini. Unachoona ni maji ya juu tu, yanakadiriwa kutokana na vipimo vya setilaiti, kimo cha uso wa bahari, upepo na kadhalika. Yale maji ya baridi na chumvi nyingi yanayozama huko karibu na Greenland na Antaktika halafu yanatambaa chini kwa mamia ya miaka, hayamo, kwa hiyo nusu ya hadithi utaitafuta kwingine. Kujaa na kupwa pia hakumo, na mkondo mwembamba kama wa kati ya Unguja na bara ramani haiupati vizuri. Kwa hiyo mvuvi au wewe unayetaka kwenda kuzamia na miwani, usiitumie kupanga saa ya kutoka, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, chukua jedwali la maji na umuulize nahodha wa hapo hapo.

Kwenye simu ya zamani inakwamakwama, kompyuta ni bora zaidi. Na ukiwa hapo hapo kwenye Ocean, kwenye Overlay weka SST uone joto la maji, Julai au Agosti angalia pwani ya Somalia jinsi maji baridi yanavyopanda kutoka chini.